Kutembelea Jamestown, Virginia: mwongozo kamili wa siku moja kisiwani

Ukiandika "Jamestown" kwenye ramani ya simu ukiwa Virginia, utaletewa sehemu mbili zilizo jirani kabisa, na wengi huishia kwenye ile ambayo hawakuikusudia. Anza kwa kuzitofautisha.

Ya kwanza huitwa Historic Jamestowne, yenye herufi e mwishoni. Hiki ndicho kisiwa chenyewe kwenye mto James, mahali ambapo Waingereza 104, wote wanaume na wavulana, walishuka Mei 1607 na kuanzisha makazi yao ya kwanza yaliyodumu Amerika. Udongo ni ule ule, makaburi ni yale yale, na wanaakiolojia wanachimba mpaka leo. Ya pili ni Jamestown Settlement, makumbusho ya jimbo la Virginia yaliyofunguliwa mwaka 1957. Huko utakuta ngome ya mfano, meli tatu za mfano (Susan Constant, Godspeed na Discovery) unazoweza kupanda, kijiji cha mfano cha Wapaspahegh (wenyeji wa asili wa hapa), na wahudumu waliovaa mavazi ya karne ya 17. Tiketi ya moja haikuingizi kwenye nyingine.

Mwenye siku moja na watoto wadogo aende Settlement asubuhi, wachoke na meli, kisha avuke kisiwani mchana. Wengine wote tunawashauri waanzie kisiwani, na waende wakiwa hawajachoka, kwa sababu kisiwani hakuna anayekuigizia chochote. Unapewa ardhi, nawe uisome. Usitarajie Fort Jesus. Mreno alijenga Mombasa kwa mawe ya matumbawe kuanzia 1593, na kuta zake bado zimesimama. Mwingereza wa 1607 alijenga kwa magogo na udongo, na magogo yameoza. Mgeni asiyejua hilo hutembea dakika 20, huona nyasi, sanamu mbili na mnara wa matofali, kisha huondoka akidhani ameibiwa pesa yake. Mwongozo huu umeandikwa ili hilo lisikupate.

Msimu, tiketi na mzigo wa mkononi

Kisiwa hufunguliwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa saa zetu (kwenye tovuti yao utaona 9 na 5), siku zote isipokuwa Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, Krismasi na Mwaka Mpya. Uwe getini saa 3 kamili. Sababu ya kwanza ni joto, ya pili ni mabasi ya wanafunzi, ambayo siku za shule huanza kujaa katikati ya asubuhi.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, na katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Julai na Agosti ni kama Dar es Salaam ya Februari, ila bila upepo wa bahari: nyuzi 30 na zaidi, unyevu mzito, na uwanja wa ngome hauna kivuli cha kutosha. Hali hii ya hewa imo hata kwenye historia ya mahali. Baraza la kwanza la wawakilishi katika makoloni ya Waingereza lilikutana hapa tarehe 30 Julai 1619, likalazimika kuvunja kikao tarehe 4 Agosti kwa sababu ya joto na maradhi, na mjumbe mmoja alifariki kikao kikiendelea. Ukienda Julai, beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, kofia pana, na umalize sehemu ya wazi kabla ya saa 6 mchana. Desemba hadi Februari hakuna umati, lakini mashimo ya uchimbaji mara nyingi hufunikwa, kwa hiyo utaona kazi chache.

Tiketi ina sehemu mbili, na hapa ndipo watu hugombana na wahudumu wa dirishani bila sababu. Ekari 22 na nusu za upande wa ngome zilichukuliwa na chama cha kuhifadhi mambo ya kale cha Virginia mwaka 1893, na kisiwa kilichobaki kikawa mali ya hifadhi za taifa mwaka 1934. Wenyewe ni wawili, ada ni mbili, dirisha ni moja. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa inalipa nusu ya hifadhi tu, na nusu ya pili utaitoa mfukoni. Kwa miaka ya karibuni jumla imekuwa kama dola 30 kwa mtu mzima, watoto wakilipa kidogo au bure kulingana na umri. Tazama bei kwenye tovuti wiki ya safari, maana hubadilika. Beba kadi ya benki, kwa kuwa hifadhi nyingi za taifa za Marekani hazipokei tena noti. Risiti usiitupe. Hutumika zaidi ya siku moja, kwa hiyo mvua ikikufukuza leo unaweza kurudi kesho.

Mavazi: viatu vilivyofungwa na soksi ndefu. Kwenye majani marefu kuna kupe, kwenye kinamasi kuna mbu, na pembezoni mwa njia hutambaa mmea wa majani matatu matatu unaowasha kuliko upupu, tofauti yake ikiwa kwamba mwasho wake hauanzi papo hapo bali baada ya siku moja au zaidi. Ukiona majani matatu yanayong'aa kwenye shina moja, usiguse, na usimruhusu mtoto achume. Jioni jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Kupe aliyekwishauma mng'oe kwa kibano kidogo, ukivuta taratibu na moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Kufika

Kutoka Washington ni kama kilomita 250. Shika barabara kuu ya 95 kwenda kusini mpaka Richmond, kisha 64 kuelekea mashariki, utoke kwenye njia ya 242A, ushike barabara ya 199 kuelekea magharibi mpaka uone kibao cha Colonial Parkway upande wa Jamestown. Bila foleni ni saa mbili na nusu. Ijumaa mchana barabara ya 95 huziba kuanzia vitongoji vya Washington mpaka chini ya Fredericksburg, na safari hiyo hiyo inaweza kufika saa nne au tano. Afadhali uondoke Jumamosi saa 11 alfajiri. Kutoka Richmond ni saa moja na kidogo.

Wasio na gari wanaweza kupanda treni ya Amtrak hadi Williamsburg, kisha teksi ya kama robo saa. Panga na dereva mapema jinsi ya kurudi. Kisiwani hakuna teksi zinazosubiri abiria.

Colonial Parkway inahitaji neno la ziada, hasa kwa mgeni aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda. Ni barabara ya kilomita 37 inayounganisha Yorktown, Williamsburg na Jamestown, imemwagwa zege lenye kokoto zinazoonekana juu, na haina mistari ya kugawa njia. Mtu aliyezoea kuendesha kushoto hutegemea mistari hiyo kujikumbusha kwamba hapa ni kulia. Ikikosekana, na magari yakiwa machache, mkono hurudi kwenye mazoea na gari linahamia kushoto lenyewe. Hatari zaidi ni pale unapotoka kwenye sehemu ya kuegesha kando ya mto na kurudi barabarani. Mwombe abiria wa mbele aseme "kulia" kila mnapoingia barabarani. Mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72, na wanaokamata ni askari wa hifadhi. Kituo cha mafuta hakuna hata kimoja, kwa hiyo jaza tangi Williamsburg. Jioni paa hukatiza barabara wakiwa wawili watatu: ukimwona mmoja, punguza mwendo, wenzake wako nyuma. Kagua pia matangazo ya kufungwa kwa barabara, kwani Parkway imekuwa ikifungwa vipande vipande kwa matengenezo.

Kabla ya kuingia kisiwani utapita kwenye daraja la nchi kavu lililojengwa upya. Shingo ya asili iliyounganisha mahali hapa na bara ililiwa na mawimbi karne ya 18, ndipo rasi ikawa kisiwa. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

Ukishaegesha gari

Ingia kwanza jengo la wageni. Fanya mambo matatu tu: lipa, tumia choo, na usome ubao wa ratiba ya matembezi ya siku. Huwa kuna matembezi yanayoongozwa na wahifadhi wa taifa na mengine yanayoongozwa na wanaakiolojia. Mengi yamo ndani ya tiketi, lakini baadhi maalumu hulipiwa. Yale ya mwanaakiolojia usiyakose, hata ikibidi kupangua mpango wako wote. Mwenye mtoto wa umri wa shule aombe kijitabu cha mhifadhi mdogo: mtoto akijaza kazi zake hupewa beji, na kinamlazimisha kutazama anachokikanyaga. Filamu na maonyesho ya jengo hilo yaache mpaka jioni. Jua bado halijapanda, tumia nafasi hiyo nje.

Nyuma ya jengo kuna daraja la mbao juu ya kinamasi. Kutoka hapo hadi ngome ni mwendo wa dakika 5 hadi 10. Simama katikati ya daraja uangalie maji yalivyo karibu na nchi. Waliochagua mahali hapa mwaka 1607 walitaka kina kirefu karibu na ufuko, wafunge meli kwenye miti, na mbali na bahari ili manowari za Wahispania zisiwashtukize. Walichopata pamoja na hayo ni kinamasi nyuma yao na mto ambao kiangazi huingia chumvi kutoka baharini. Waliunywa. Kwa bahati mbaya zaidi, pete za miti ya kale ya Virginia zinaonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko yote kwa zaidi ya miaka 700. Mto ukapungua, chumvi ikapanda, na Wapowhatan, wenyeji wa eneo hili waliotegemewa kuuza mahindi, nao hawakuwa na akiba. Nahodha Newport, aliyewaleta, aliporudi kutoka Uingereza Januari 1608, kati ya wale 104 alikuta hai kama 38.

Ukivuka utaona mnara wa granaiti wenye urefu wa futi 103, uliosimamishwa mwaka 1907 kuadhimisha miaka 300. Utazame ukipita. Ngome iko mbele.

Kuisoma ngome

Hapa ndipo pa kutumia saa nzima au zaidi.

Kwa takribani miaka 200 watu waliamini ngome ya 1607 imezama mtoni. Mwaka 1994 mwanaakiolojia William Kelso alianza kuchimba kati ya mnara wa kanisa na mto, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba ngome imepatikana. Ni kona moja tu iliyoliwa na maji. Yote mengine yalikuwa chini ya nyasi, mengine chini ya tuta la udongo la wanajeshi wa Kusini wa mwaka 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tuta ambalo kwa sehemu lilikuwa kama blanketi juu ya mabaki.

Alichopata ni madoa. Waingereza walichimba mtaro mwembamba, wakasimamisha magogo ndani yake bega kwa bega, wakarudishia udongo na kuushindilia. Gogo linapooza, nafasi yake hujazwa na udongo mweusi wenye mboji. Ukikwangua ardhi kwa mwiko mpaka ufikie tabaka ambalo halijawahi kuguswa, ambalo hapa ni udongo wa mfinyanzi wa rangi ya njano, unaona mstari wa udongo mchanganyiko, na ndani ya mstari huo duara moja baada ya jingine, nyeusi, kila moja na upana wa gogo lake. Huo ndio ukuta. Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo analielewa hili haraka: nguzo ya pembeni ikioza na nyumba ikabomolewa, alama yake hubaki ardhini miaka mingi, laini na nyeusi kuliko udongo ulioizunguka.

Fuata hatua hizi uwanjani:

1. Ingia ngomeni usimame mgongo ukiuelekezea mto. Boma la magogo unaloliona ni jipya, lakini limesimamishwa palepale pa mtaro wa zamani. Ngome ni pembetatu. Ubavu wa mtoni ulikuwa futi 420 (mita 128), mbavu nyingine mbili futi 300 (mita 91), na eneo lote ni zaidi kidogo ya ekari moja. Tembea ubavu mmoja kwa hatua zako, uhisi udogo wake. Ilijengwa kwa siku 19, baada ya shambulio la Mei 1607.

2. Nenda kwenye kiunzi cha mbao cha nyumba ya askari. Kinaonyesha ujenzi wa nguzo, fito na udongo wa kukandika uliotoka Lincolnshire. Mafundi waliojenga hivyo walifuata njia ile ile ambayo mafundi wetu wa vijijini huifahamu, ila mvua na joto la Virginia viliiozesha haraka.

3. Tafuta nguzo fupi nene zinazoonyesha kanisa la 1608, lenye urefu wa futi 64 na upana wa futi 24. Ndani ya kanisa hili, Aprili 1614, Pocahontas, binti wa mtawala wa Wapowhatan, aliolewa na mkulima wa tumbaku John Rolfe. Upande wa madhabahu kuna makaburi manne: la mchungaji Robert Hunt, Gabriel Archer, Ferdinando Wainman na William West. Yalitambuliwa mwaka 2015. Hayo ni makaburi ya kweli. Usisimame juu yake kupiga picha.

4. Uliza ilipo sakafu ya chini ya jiko la zamani. Humo, mwaka 2012, ndani ya taka za majira ya baridi ya njaa kubwa ya 1609–10, yalipatikana mabaki ya msichana wa umri wa kama miaka 14, yakiwa pamoja na mifupa ya farasi na mbwa waliochinjwa. Alama za kisu kwenye fuvu lake zilithibitisha kile ambacho barua za wakati ule zilisema, kwamba walionusurika njaa ile walikula maiti. Wanaakiolojia wamempa jina la Jane, jina lake halisi halijulikani. Msindikize mtoto kwenye habari hii, usimwache aisome peke yake.

5. Ukikuta wachimbaji kazini, wasogelee kamba na uwaulize swali mahususi: "Doa hilo ni la nini?" au "Mmejuaje kwamba shimo hili ni la zamani kuliko lile?" Swali la jumla hupata jibu la jumla. Ukiuliza kuhusu doa, mara nyingi watakuonyesha kwa ncha ya mwiko jinsi mtaro mmoja unavyokata mwingine: ule uliokatwa ni wa kale zaidi. Ukishalijua hilo, utasoma karibu kila shimo la akiolojia duniani.

Usiokote chochote, hata kipande cha tofali au kiko cha udongo. Ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho, na uharibifu wenyewe ni mkubwa kuliko kitu: kipande kikiondolewa kwenye tabaka lake hakiwezi tena kusema ni cha mwaka gani. Vitambua vyuma na droni navyo ni marufuku.

Sanamu ya Pocahontas iko karibu na kanisa. Viganja vyake vinang'aa kwa kushikwa na wageni. Ifurahie kama sanamu ya mwaka 1922, si zaidi: mavazi yake hayakuwa ya watu wake, na mwaka 1607 alikuwa mtoto wa kama miaka 11. Majina yake ya nyumbani yalikuwa Amonute na Matoaka. Nchi ya baba yake iliitwa Tsenacommacah, na watu wake hawajatoweka; Wapamunkey na Wamattaponi bado wanaishi Virginia kwenye ardhi yao.

Kanisa la matofali

Mnara wa matofali ni wa mwishoni mwa karne ya 17, na ndicho kitu pekee cha karne hiyo kilichobaki kimesimama juu ya ardhi kisiwani. Kanisa lililoungana nao ni la 1907, lakini ndani, chini ya kioo, utaona msingi wa mawe ya mtoni na matofali wa kanisa la 1617, ambamo ndimo wawakilishi 22 walikaa mwaka 1619. Tazama pia jiwe jeusi la kaburi la mtukufu aliyezikwa miaka ya 1620, linalodhaniwa kuwa la gavana George Yeardley. Uchunguzi uliochapishwa 2024 umeonyesha jiwe lenyewe lilitoka Ubelgiji. Hebu fikiria: watu wanakufa njaa miaka kumi na kitu iliyopita, na sasa wanaagiza jiwe la kaburi kuvuka Atlantiki. Kilichobadilika katikati ni tumbaku.

Makumbusho ya Archaearium

Jua likikaza, ingia hapa. Tenga saa moja. Jengo lilifunguliwa 2006 juu ya msingi wa jengo la mwisho la serikali ya koloni mjini hapa, lililoungua 1698, na sakafuni kuna vioo vya kuutazamia msingi huo. Vitu vilivyochimbwa kisiwani vimefika mamilioni. Usijaribu kuviona vyote. Chagua vipande vya shaba vilivyokatwa kwa ajili ya biashara na Wapowhatan, kisanduku kidogo cha fedha kilichowekwa juu ya jeneza la Archer, na ubao wa kuandikia uliotoka kwenye kisima cha zamani. Mabaki ya Jane yamo kwenye chumba cha pembeni. Hapo weka simu mfukoni.

Kuna mkahawa mdogo kando ya mto, lakini saa zake hutegemea msimu. Beba chapati zako na matunda, mle nje.

Mji mpya, na nyumba alimokaa Angela

Wengi hurudi garini baada ya makumbusho. Wanakosa nusu ya kisiwa, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo nusu isiyopaswa kukoswa.

Mashariki ya kanisa, kuanzia miaka ya 1620, mji ulipanuka nje ya boma. Mistari ya matofali unayoiona juu ya nyasi ni ya kisasa, imejengwa juu kuonyesha misingi ya asili iliyofukiwa tena ili hewa na barafu visiimong'onyoe. Mpangilio ni sahihi, matofali si ya kale. Fuata njia hadi kwenye eneo la Angela, kwenye kiwanja cha Kapteni William Pierce. Orodha ya wakazi ya 1625 inamtaja mwanamke Mwafrika kwenye kaya hiyo, aliyekuja na meli ya Treasurer.

Safari yake iliifuata njia hii. Miaka ya 1618–19 Wareno wa Luanda, pamoja na wapiganaji wa Imbangala, waliushambulia ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo. Mateka walipakiwa kwenye meli ya São João Bautista kuelekea Veracruz. Njiani meli mbili za maharamia, White Lion na Treasurer, ziliwapora baadhi yao. Mwishoni mwa Agosti 1619 White Lion ilitia nanga Point Comfort na kuwabadilisha "ishirini na kitu" kwa chakula. Treasurer ilifika siku chache baadaye. Watu wa Ndongo walizungumza Kikimbundu, lugha ya Kibantu, ambamo mtu huitwa mutu. Jina Angela alipewa na wengine, na lake la kuzaliwa halikuandikwa popote. Uchimbaji wa karibuni kwenye kiwanja hiki ulianza 2017. Hakuna sanamu wala jengo hapa, kwa hiyo soma bango hadi mwisho, ukae.

Mwenye siku ya pili aende Fort Monroe mjini Hampton, ambapo ndipo Point Comfort. Ni chini ya saa moja kwa gari barabara ikiwa wazi, lakini foleni ya daraja na handaki la Hampton Roads huenea mpaka njia za kutokea, hivyo pita kabla ya saa 9 mchana.

Barabara ya mzunguko na nyumba ya vioo

Barabara ya mzunguko ina mizunguko miwili, ya maili 3 na maili 5, kwa gari au baiskeli. Ule wa maili 3 unatosha. Baada ya mvua kubwa au maji kujaa hufungwa. Nyumba ya vioo iko upande wa bara, karibu na daraja la nchi kavu: Wajerumani na Wapoland walijaribu kutengeneza vioo hapo 1608, mabaki ya tanuri zao yamehifadhiwa, na mafundi wa leo hupuliza vioo mbele yako. Dakika 30.

Maji yanapopanda

Bahari inapanda na ardhi ya pwani hii inazama taratibu, kwa hiyo kisiwa kinashambuliwa toka mtoni, toka kinamasini na toka chini. Ukuta wa zege wa ufukweni ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na bila huo ngome nzima ingefuata ile kona iliyoliwa. Umeongezewa mawe makubwa miaka ya karibuni. Mwaka 2022 Jamestown iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu 11 za kihistoria zilizo hatarini zaidi. Kwa mgeni maana yake ni hii: siku ya kimbunga au ya mvua mfululizo piga simu kabla ya kuondoka, vaa viatu visivyoogopa maji, na ukikuta njia imefungwa kwa kamba usiivuke, kwa kuwa udongo uliolowa hubomoka chini ya mguu pamoja na kilichomo.

Kabla ya kurudi: panda feri

Ukitoka kisiwani, badala ya kurudi moja kwa moja, nenda kwenye kivuko cha Jamestown–Scotland, pembeni ya Jamestown Settlement. Feri hufanya kazi usiku na mchana na ni bure. Likoni mtembea kwa miguu ndiye asiyelipa. Hapa hata gari halilipi. Kuvuka ni kama dakika 20. Zima injini, vuta breki ya mkono, shuka kwenye gari usimame upande wa mashariki wa sitaha. Kisiwa kitaonekana kutoka pale pale alipokitazama mtu aliyekuwa juu ya meli mwaka 1607: mstari mwembamba wa miti, mnara wa granaiti ukichungulia juu yake, na maji yakiwa karibu sawasawa na nchi. Ukifika ng'ambo, upande wa Surry, geuza gari uingie foleni ya kurudi, uhesabu dakika 30 nyingine.